Msimu wa Walioshindwa

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Kwa wapenzi wa anime, yaani filamu za michoro za Kijapani, kuchagua ni nusu ya kilimo chenyewe. Mwaka wa televisheni nchini Japani hugawanywa katika misimu minne inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila msimu huleta makumi ya mifululizo mipya, aghalabu yenye sehemu 11 hadi 13, sehemu moja kwa wiki, na mingi huoneshwa usiku wa manane watoto wakiwa wamelala. Hapana mtu mwenye kazi na watu wa kuwalea awezaye kuitazama yote. Ndipo ilipozuka ada ya kupanga daraja: msimu unapokwisha, kila mtazamaji mwenye mapenzi hukaa akaamua ipi ya kwanza, ipi ya pili, na ipi isiyostahili hata kutajwa.

Neno msimu si geni kwa watu wa pwani. Asili yake ni Kiarabu, na kwa karne nyingi lilitaja pepo pamoja na biashara iliyofuatana nazo: kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Bidhaa iliyokosa mnunuzi kabla pepo hazijageuka iligeuka hasara. Anime nayo ina ukali huohuo. Miezi mitatu ikipita, kazi iliyochukua miaka kuandaliwa husukumwa kando na kazi nyingine, na isiyokuwa na wa kuitetea husahauliwa. Kwa hiyo orodha ya msimu, ijapokuwa ni mchezo, ni mchezo wenye dhima. Ni namna ya kuamua nini kibaki.

Msimu wa Januari hadi Machi 2022 unafaa kupimwa kwa makini, kwani ulikusanya kazi tano ambazo si kawaida kukutana. Mipaka yake haikuwa minyoofu. Moja ilikwisha kuanza Oktoba 2021, nyingine Desemba, na moja ilikuwa imetazamwa mtandaoni nchini Japani tangu Septemba 2021 kabla ya kufika kwenye televisheni Januari. Lakini kwa wiki kadhaa zote tano zilikuwa hewani pamoja, na aliyezifuatilia aliziona zikijibizana.

Orodha nyingi hupima uzuri wa mchoro, kasi ya mapigano na utamu wa muziki. Mizani hiyo ina haki yake, ila msimu huu ulikuja na mizani yake. Kazi zote tano, kila moja kwa njia yake, ziliuliza swali moja: mnyonge na aliyeshindwa watazamwe kwa jicho gani? Mshindi hahitaji mtunzi, kwani ana watu wa kumsifu. Aliyeshindwa ndiye mwenye haja ya sauti ya mwingine. Kwa kipimo hicho ndipo daraja zifuatazo zilipopangwa, kutoka ya tano kupanda hadi ya kwanza.

Ya tano ni Sono Bisque Doll wa Koi o Suru, ambayo maana yake inakaribia kuwa "Mwanasesere Huyu wa Kaure Ameingia Mapenzini". Imetengenezwa na studio ya CloverWorks, ikaongozwa na Keisuke Shinohara kutokana na kitabu cha michoro cha Shinichi Fukuda. Kijana Wakana Gojo amelelewa na babu yake, fundi wa wanasesere wa hina, wale wanaopangwa majumbani kila tarehe 3 Machi katika sikukuu ya wasichana. Gojo anataka kuwa fundi kama babu. Utotoni mwenzake wa kike alimsuta kwa kupenda wanasesere ilhali yeye ni mvulana, na tangu siku hiyo akajifungia peke yake. Kisha anatokea Marin Kitagawa, msichana mchangamfu asiyejua kushona, ambaye ana hamu ya kuvaa mavazi ya wahusika awapendao. Anamwomba Gojo amshonee.

Uzuri wa kazi hii umo katika mikono. Kamera humfuata Gojo akipima kitambaa, akichagua uzi, akifumua alichoshona kwa kuwa hakikukaa sawa, akikesha ili asivunje ahadi ambayo hakuna aliyemlazimisha kuitoa. Fundi yeyote wa kofia au wa kanzu angemtambua kuwa ni ndugu. Na neno analopata Gojo kwa Marin, kwamba kupenda kitu kwa dhati hakuna aibu, limesemwa bila mahubiri. Kilichoishusha hadi ngazi ya tano ni jicho lake kwa Marin. Mara kwa mara picha hutua mwilini mwake kwa uchu, pahala ambapo kisa hakihitaji hilo. Kazi inayofundisha heshima kwa kitambaa ilipaswa kumheshimu zaidi anayekivaa.

Ya nne, ambayo wengi wangeipa nafasi ya kwanza bila kufikiri mara mbili, ni Kimetsu no Yaiba katika mkondo wake wa Yukaku. Studio ya ufotable iliionesha katika sehemu 11, kuanzia tarehe 5 Desemba 2021 hadi 13 Februari 2022, chini ya uongozi wa Haruo Sotozaki. Ilikuja na jina kubwa mgongoni, kwani filamu iliyoitangulia, ya mwaka 2020, iliingiza zaidi ya yeni bilioni 40 nchini Japani, kiasi ambacho hakuna filamu iliyokuwa imekifikia huko. Kisa kinapita Yoshiwara, mtaa wa starehe wa Tokyo, katika zama za Taisho. Wawindaji wa mazimwi wanaingia humo kuwatafuta wanawake waliotoweka, nao wanakutana na ndugu wawili, Daki na Gyutaro, mazimwi ambayo hayafi mpaka vichwa vyao vikatwe vyote viwili.

Mapigano yake ni fataki. Sehemu ya kumi imejaa moto, vyuma na damu kiasi kwamba mtazamaji hujikuta ameshika pumzi. Lakini fataki huisha na moshi ukabaki. Kinachoipa kazi hii uzito ni sehemu ya mwisho, vichwa vikiwa tayari chini. Hapo ndipo inapoelezwa kuwa ndugu hao walizaliwa katika tabaka la chini kabisa la mtaa uleule, kwamba Gyutaro alichukiwa kwa sura yake na kutumwa kudai madeni, na kwamba dada yake alichomwa moto angali hai baada ya kumjeruhi samurai jichoni. Zimwi lililotisha kwa wiki kumi linageuka kuwa kaka aliyembeba dada mgongoni, wakitembea gizani kuelekea kwenye adhabu yao pamoja. Tanjiro aliyewashinda hashangilii. Yeye mwenyewe ana dada aliyegeuzwa zimwi, naye anaona kuwa baina yake na Gyutaro pametofautiana bahati tu.

Hiyo ni huruma ya kweli. Kasoro yake ni kwamba imetengewa dakika ishirini baada ya saa nyingi za kelele. Tena wale wanawake wa Yoshiwara, waliouzwa na jamaa zao kwa sababu ya dhiki, wamebaki kuwa pambo la nyuma. Mazimwi yamepata tanzia yao. Binadamu waliofungwa mtaani mle hawakuipata.

Ya tatu ni Shingeki no Kyojin, awamu ya pili ya msimu wake wa mwisho, iliyotengenezwa na studio ya MAPPA kutokana na kitabu cha Hajime Isayama kilichochapishwa kuanzia 2009 hadi 2021. Hii ni hadithi ya kisiwa, na wasomaji wa visiwani wana sababu ya kuisikiliza kwa sikio la pekee. Watu wa kisiwa cha Paradis waliishi nyuma ya kuta wakidhani dunia nzima imekufa. Kumbe ng'ambo ya bahari kuna mataifa yanayowachukia na kutaka kuwafuta. Eren, aliyeanza akiwa mtoto aliyempoteza mama, sasa anaamsha majitu yasiyohesabika yatoke ndani ya kuta na kuikanyaga dunia yote, ili kisiwa chake kisalie.

Awamu hii ina mambo mawili yasiyosahaulika. La kwanza ni kisa cha Ymir, kijakazi wa miaka elfu mbili iliyopita, ambaye nguvu zake zilimjengea mfalme dola na yeye mwenyewe hakupata hata jina la heshima. Chanzo cha vita vyote ni mtumwa ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini. La pili ni usiku mmoja porini. Waliokuwa maadui wanakaa kuzunguka moto mmoja na chungu kimoja cha mchuzi, wakihesabiana wafu. Huyu anamtaja rafiki yake, yule anautaja mji wake, ngumi zinarushwa, mtoto anawekwa kati. Hapana anayeshinda mjadala ule, na asubuhi wanasafiri pamoja kwa sababu hakuna njia nyingine. Usiku huo una thamani kuliko majitu yote.

Udhaifu wake ulikuwa wa wakati. Awamu iliisha mapema Aprili 2022 na kisa bado hakijafika mwisho, nao mwisho ulikuja kuoneshwa Novemba 2023. Aidha, ukubwa wa maangamizi ulimzoesha mtazamaji. Wanapokufa watu kwa mamilioni, jicho huchoka, na kazi inayotaka kila mfu ahesabike ikajikuta inawachora kama vumbi.

Ya pili ni Ousama Ranking, na hapa orodha inakutana na kioo chake, kwani jina lenyewe linataja upangaji wa daraja za wafalme. Mtunzi Sosuke Toka alianza kuichapisha mtandaoni mwaka 2017. Studio ya Wit, kwa uongozi wa Yosuke Hatta, iliigeuza kuwa sehemu 23, kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022. Katika ulimwengu wake kila mfalme hupewa namba kulingana na ustawi wa nchi, wingi wa mashujaa na nguvu zake mwenyewe. Bojji ni mtoto wa kwanza wa Mfalme Bosse, ambaye ni jitu. Bojji ni mdogo wa umbo, hasikii, hasemi, na upanga wa kitoto unamshinda. Kwa namba zile, yeye ni sifuri.

Katika sehemu ya kwanza, kivuli kiitwacho Kage kinamnyang'anya nguo. Bojji anampa kwa tabasamu, kisha anarudi kasri akiwa na nguo ya ndani tu, huku watu wa mji wakimcheka na kudhani haelewi. Anatabasamu njia nzima. Chumbani, akiwa peke yake, anabubujikwa na machozi. Alikuwa akielewa kila neno, kwani husoma midomo. Kage, aliyemfuata kwa siri, anaona, naye ndiye anayekuwa rafiki yake wa kwanza. Michoro ya kazi hii ni ya mistari minene na sura za mviringo kama ya vitabu vya watoto, na ndiyo maana maumivu yake hupenya bila kubisha hodi.

Somo lake halikuwa kwamba mnyonge ana nguvu zilizofichika. Bojji hapati nguvu za baba yake. Mwalimu wake Despa anamfundisha kutumia upanga mwembamba kama sindano na wepesi wake wa kukwepa, jambo ambalo kasrini lilihesabiwa kuwa ni woga. Kilichokuwa aibu kwa mizani moja kimekuwa umahiri kwa mizani nyingine, na mtoto ni yuleyule. Hapo kazi inausuta upangaji wa daraja wenyewe: kasoro ilikuwa katika namba, wala haikuwa katika mtoto.

Kwa nini basi haikupata nafasi ya kwanza? Kwa sababu ya msamaha wake. Miranjo, aliyesababisha mauti na mateso mengi, anasamehewa mwishoni kwa wepesi uliowakera watazamaji wengi, na kero yao ina hoja. Kumwonea huruma mkosaji ni jambo jema. Lakini msamaha unapotolewa, waliokosewa nao wapewe nafasi ya kusema. Kage, ambaye kabila lake la vivuli liliangamizwa, alijua kuliko yeyote kwamba jeraha haliponi kwa agizo.

Ya kwanza ni Heike Monogatari, fupi kuliko nyingi na tulivu kuliko zote. Ina sehemu 11, zilizotengenezwa na studio ya Science SARU, zikaongozwa na Naoko Yamada na kuandikwa na Reiko Yoshida, kwa muziki wa Kensuke Ushio. Msingi wake ni utenzi mkubwa wa Kijapani unaosimulia kupanda na kuanguka kwa ukoo wa Heike katika karne ya 12. Utenzi huo haukuzaliwa katika kitabu. Uliganiwa na watawa vipofu waliozunguka nchi na ala iitwayo biwa, na nakala yake mashuhuri zaidi iliandikwa mwaka 1371 kutoka kwa mghani Kakuichi. Hufunguliwa kwa mlio wa kengele ya hekalu, kuashiria kuwa hakuna kinachodumu.

Hapa mpenzi wa ushairi wa pwani atajiona yuko nyumbani. Biwa na udi ni watoto wa ukoo mmoja. Wanahistoria wa muziki huzirejesha zote mbili kwenye barbat ya Uajemi wa kale. Tawi moja likaelekea mashariki kupitia China hadi Japani, ambako biwa za karne ya 8 zimehifadhiwa Nara mpaka leo. Tawi jingine likaelekea Arabuni, na mwisho likasikika katika taarab ya Unguja. Na wazo la utenzi ule nalo lina nduguye huku. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, alisimama mbele ya magofu ya Pate akauonya moyo wake. Watunzi hawa hawakujuana, ila kila mmoja aliona majumba ya wakubwa yakigeuka makao ya popo na nyasi.

Yamada na Yoshida waliongeza mhusika mmoja asiyekuwamo katika utenzi wa asili: mtoto wa kike aitwaye Biwa, binti wa mpiga biwa aliyeuawa na watumishi wa Heike mbele ya macho yake. Jicho lake moja huona yatakayokuja. Shigemori, mwana wa kiongozi wa ukoo, ambaye yeye huona wafu, anamchukua akae nyumbani kwake. Hivyo Biwa analelewa na wale ambao ana kila sababu ya kuwachukia, anacheza na watoto wao, anawapenda, na anajua watakufaje. Hana uwezo wa kubadili lolote. Shigemori akifa mwaka 1179, Biwa anarithi jicho lake pia, na kuanzia hapo anaona yajayo na yaliyopita, asipate pa kupumzikia.

Wanaoanguka hapa ni watu wa kawaida ndani ya mavazi ya hariri. Koremori, mcheza ngoma mzuri, anatiwa uamirijeshi, na mwaka 1180 jeshi lake linakimbia mto Fuji kwa kusikia ndege wa majini wakiruka usiku. Kiyotsune anapiga filimbi yake mara ya mwisho, kisha anajitosa baharini. Mwaka 1185, huko Dan-no-ura, bibi anamkumbatia mjukuu wake Antoku, mfalme wa miaka sita, akazama naye. Mama wa mtoto, Tokuko, anatolewa majini akiwa hai, na anamaliza umri wake akiwaombea waliokufa. Hakuna tone la fahari ya vita katika picha hizi. Yamada huzitazama nyuso kwa utulivu, mkono unaotetemeka, ua jekundu linaloanguka zima kutoka mtini, na bahari ambayo haijali.

Inafaa kukumbuka kazi hii ilitoka mikononi mwa nani. Yamada alijenga jina lake katika studio ya Kyoto Animation, ambako mwaka 2016 aliongoza Koe no Katachi, filamu ya msichana kiziwi. Tarehe 18 Julai 2019 studio ile ilichomwa moto na mhalifu, watu 36 wakapoteza maisha. Heike Monogatari ni mfululizo wa kwanza aliouongoza nje ya studio hiyo. Kazi inayouliza aliyebaki hai anadaiwa nini na waliokwenda haiwezi kutazamwa kana kwamba tarehe ile haikuwapo.

Ina kasoro. Majina ni mengi na hupita mbio, na aliyezoea mapigano ya kila wiki huenda akaiacha sehemu ya tatu. Bahari kubwa ya utenzi imetiwa katika kata ndogo. Lakini jibu lake kwa swali la msimu ndilo lililo kamili kuliko mengine. Kimetsu no Yaiba imemlilia aliyeshindwa baada ya kumkata kichwa. Shingeki no Kyojin imehesabu wafu mpaka hesabu ikashinda. Ousama Ranking imevunja mizani iliyomdharau. Heike Monogatari imefanya jambo dogo zaidi na gumu zaidi: imekubali kuwa hayakuzuilika, ikachukua ala, ikawaghani mmoja mmoja kwa majina yao.

Wapo watakaoipindua orodha hii wakaiweka ya nne juu, nao wana haki, kwani moto ni mzuri kutazamwa. Misimu mingi imeshakuja na kupita tangu Machi 2022, kila mmoja na shehena yake na mabingwa wake. Biwa mwenye nywele nyeupe angali anapiga nyuzi zake kwa yeyote atakayeketi, na majina ya watoto wa Heike yangali midomoni mwake.